Kurasa Nane Nyeupe

Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno kumi na moja tu. Inspekta aliisoma mara mbili, kisha akamgeuzia Mhariri karatasi.

"Hii ndiyo anayotaka ichapwe?"

"Neno kwa neno," Mhariri alisema. "Ukurasa wa themanini na nane, juu kabisa. Halafu kurasa saba zinazofuata ziachwe nyeupe."

*Picha saba za kipindi hiki ziliibwa na shemeji yangu, mtengeneza fremu.*

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya shule. Meza yote ilifunikwa na karatasi kubwa ambazo hazijakatwa wala kushonwa: kitabu kizima cha picha za Mama Buluu, miaka arobaini na sita ya kazi yake. Mhariri alikuwa amekihangaikia kwa miaka mitatu. Jumatatu kilitakiwa kiwe mtamboni, na leo ilikuwa Jumatano.

"Usipoichapa sentensi hii?"

"Anaondoa kitabu chote. Nimembembeleza mpaka mate yamenikauka. Nikamwambia, mama, huyu mzee hajawahi kuhukumiwa na mtu yeyote. Akanijibu, 'Wewe wakati huo ulikuwa bado unanyonya.'"

"Ulikuwa unanyonya?"

"Nilikuwa darasa la sita, dada."

Koplo, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi, aliangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na tangu asubuhi alikuwa akilalamika kwamba wamepewa kesi yenye umri wa kuoa.

Inspekta alifungua jalada alilotoka nalo kituoni baada ya Mhariri kuomba kesi ichunguzwe upya. Lilikuwa jembamba kama daftari la mtoto wa chekechea. Miaka kumi na tisa iliyopita, Mama Buluu alikwenda nje ya nchi kuonyesha kazi zake kwa muda wa miezi miwili. Nyumbani alimwacha mumewe, Mwalimu, aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari. Wiki ya saba Mwalimu akaanguka bafuni, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Mjane akarudi mbio, akawahi mazishi. Siku ya tisa baada ya mazishi alipanda kwenye chumba chake cha kuchorea cha ghorofani, akakikuta kitupu. Picha saba kubwa hazipo. Kitasa hakikuvunjwa. Madirisha yana nondo. Funguo zilikuwa mbili: moja ya nyumbani, nyingine ya mdogo wa Mwalimu, mtengeneza fremu ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Pembe. Alishikiliwa siku nne, akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Hakushtakiwa, wala hakusafishwa.

Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, askari wa wakati ule alikuwa ameandika mstari mmoja: *Mwezi huu maduka mawili ya mtaa huo yamevunjwa. Hayahusiani.*

"Nani alijua kwamba hayahusiani?" Inspekta aliuliza.

Alifunga jalada na kuanza kukipitia kitabu, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayesoma maelezo ya shahidi.

Mwanzoni yalikuwa mabango. Bango la kinyozi lenye vichwa sita, kila kimoja na mkato wake, na kimoja kimenuna kana kwamba hakikupenda kilivyonyolewa. Bango la fundi cherehani. Bango la daktari wa meno, jino kubwa jeupe linalotabasamu. Kisha sura za watu, majirani na wauguzi na mwanamke anayepiga pasi. Kisha ile buluu iliyompa jina: milango, ndoo, sare za shule, zote zimechovywa katika rangi moja yenye vivuli mia. Halafu kurasa nane nyeupe. Baada ya hapo kazi zilibadilika ghafla. Zilikuwa picha ndogo, hakuna iliyozidi ukubwa wa daftari. Kikombe. Kiatu. Kufuli.

"Kwa nini alianza kuchora vidogo?"

"Nilimuuliza hilo kwa ajili ya utangulizi," Mhariri alisema. "Alisema anachora vitu anavyoweza kulala navyo chumbani akiwa amefunga mlango."

"Na hizo saba zilikuwa nini?"

"*Foleni*. Ukizipanga sambamba, ni foleni moja ya watu, kutoka ukuta hadi ukuta. Walioziona wanasema ndiyo kazi kubwa ya maisha yake. Mimi sijaziona. Hazikuwahi kupigwa hata picha moja."

*

Mama Buluu aliwapokea sebuleni, ambako ndiko alikochorea siku hizi. Alikuwa na miaka sabini na minne, mwembamba, na buluu ilikuwa imemkaa chini ya kucha kama mtu aliyezaliwa nayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunizuia, mwanangu?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Basi uliza. Kuuliza sijakataa."

Inspekta alikaa kwenye kigoda karibu naye. "Ulijuaje kwamba ni shemeji yako?"

"Kwani nani mwingine? Mlango haukuguswa. Ufunguo anao. Nani mwingine alijua thamani yake? Tena ndiye aliyekuwa akinisumbua kila siku, 'Shemeji, hizi lazima zipate fremu, hizi ndizo zenyewe.'" Alifuta brashi kwa kitambaa, ingawa haikuwa na rangi. "Siku nne tangu tumzike kaka yake, yeye ananiuliza picha zikoje. Msibani!"

"Ulimwachia nafasi ya kujieleza?"

"Alisimama hapo nje ya mlango, anaomba nimruhusu apande juu mara moja tu akaangalie. Akaangalie nini? Alichosahau kuchukua? Nilimfungia. Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa."

"Ufunguo wa nyumbani aliachiwa nani?"

"Mume wangu." Sauti yake ilishuka. "Naye usimtie humo."

"Simtii popote, mama. Nataka kujua mara ya mwisho alisema nini juu ya picha."

"Alinipigia simu Alhamisi. Akafariki Jumamosi. Aliniambia, 'Picha zako zimelala salama, na chumba nakipaka rangi upya, ukirudi utacheka.' Salama! Niliporudi chumba kilikuwa cheupe kweli, kinanuka rangi, na ndani hamna kitu. Sikucheka."

Inspekta aliandika maneno yale kama yalivyosemwa, kisha akaomba kupanda juu. Ngazi ilikuwa nyembamba, yenye kona kali katikati na dari iliyoinama kiasi kwamba Koplo aligonga kichwa na kutamka neno lisilofaa, mjane akilisikia kutoka chini. Inspekta alipima upana kwa tepu: sentimita sabini na nane. Chumbani palikuwa na viti vibovu, kabati, na vumbi la miaka. Alitikisa nondo za dirisha moja baada ya nyingine. Hakuna iliyocheza.

"Zilikuwa na ukubwa gani?" aliuliza waliposhuka.

"Kimo mita mbili. Upana mita moja na nusu."

Inspekta aliitazama ngazi tena.

*

Karakana ya Fundi Pembe ilikuwa mitaa mitatu tu kutoka pale, nyuma ya duka la vioo. Jina lake lilitokana na kazi: pembe zake za fremu zilikutana bila kuacha hata mwanya wa kupitisha ukucha. Alikuwa na miaka sitini na sita, penseli sikioni, miwani imefungwa kwa uzi. Aliposikia ni polisi aliweka randa chini taratibu na kuzima redio.

"Nilidhani mmeshanisahau."

"Shemeji yako anatoa kitabu," Inspekta alisema. "Ndani yake anataka kuandika kwamba uliiba."

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa maandishi?"

"Kwa maandishi."

"Maneno ya mtaani nimeyazoea. Mtu akifa, nayo yanakufa. Lakini kitabu..." Hakumaliza. "Wajukuu wangu wanasoma vitabu."

Koplo alimgusa Inspekta kiwiko. "Angalia juu," alinong'ona.

Kwenye boriti za paa la karakana yalining'inia mafurushi marefu yaliyofungwa kwa mablanketi na kamba. Inspekta aliyahesabu. Yalikuwa saba. Kila moja lilikuwa na urefu wa mita mbili, jembamba, kama kitambaa cha picha kilichoviringishwa.

Koplo macho yalimtoka.

"Nini kile?" Inspekta aliuliza.

Fundi alitazama juu, na kwa mara ya kwanza uso wake ukabadilika. "Vile viacheni."

"Vishushe."

"Nimesema viacheni. Havina thamani kwa mtu."

"Mzee, vishushe mwenyewe, au Koplo atavishusha, na Koplo hana mkono mwepesi."

Fundi alipanda kwenye benchi, akafungua kamba ya furushi la kwanza, akalilaza mezani kama mtu anayemlaza mgonjwa. Inspekta alifunua blanketi. Ndani hamkuwa na kitambaa. Palikuwa na vipande vinne vya mbao ngumu, vimepigwa msasa mpaka vinang'aa, ncha zake zimekatwa mshazari tayari kuungana. Furushi la pili, vipande vinne. La tatu vilevile.

"Ni fremu zake," Fundi alisema. "Za *Foleni*. Wiki mwalimu alipofariki nilikuwa safarini kufuata hizi mbao. Nilirudi nikazika, nikarandia huku nalia. Nilipomuuliza kule msibani picha zikoje, nilikuwa nataka kuhakikisha vipimo kabla sijakata. Yeye akaona namuulizia mali." Alipitisha kidole gumba kwenye ncha ya ubao. "Nikazikata hata hivyo. Sasa ningeziuza kwa nani? Vipimo ni vya picha zile tu."

Koplo alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

"Kwa nini hukuziunga?" Inspekta aliuliza.

"Nizipitishe wapi zikishaungwa? Ile ngazi huijui?"

"Naijua. Nimeipima. Na picha zenyewe zilipandaje?"

"Hazikupanda. Kitambaa kilipanda kimeviringishwa, viunzi vyake vya mbao, vinavyokaza kitambaa kwa ndani, vikapanda vipandevipande, nikavifunga mle mle na kuvivalisha. Kila kiunzi misumari midogo mia na ishirini. Nilipigilia mwenyewe, shemeji anashika upande wa pili."

"Kwa hiyo anayetaka kuzitoa inabidi ang'oe misumari mia na ishirini mara saba."

"Mia nane na arobaini," Koplo alisema.

"Halafu aviringishe vitambaa. Na viunzi?"

"Mwizi aviache," Fundi alisema. "Kiunzi ni mbao tu, kina faida gani?" Akamtazama Inspekta. "Viliachwa?"

"Kwa mujibu wa jalada, chumba kilikuwa kitupu. Hakuna kiunzi, hakuna hata msumari mmoja sakafuni."

Fundi alijishika kiuno. "Basi huyo mwizi ni wa namna gani? Dada yangu, ningeingia mle dakika moja tu. Moja! Ningejua kama zimeng'olewa au vipi. Ndicho nilichokuwa naomba pale mlangoni."

*

Alhamisi asubuhi Inspekta alirudi ofisini kwa Mhariri na kuomba lenzi ya kukuzia.

"Una picha yoyote ya chumba kile baada ya wizi?"

"Moja. Ya gazeti." Mhariri aliivuta karatasi ya ukurasa wa tisini na saba. Mama Buluu mwenye kitambaa cheusi kichwani, amesimama peke yake kwenye chumba kitupu, dirisha nyuma yake. "Tumeiweka pale anapoanza kuchora vidogo."

Inspekta aliinamia sakafu ya pichani, akitafuta misumari. Alipitisha lenzi ubao kwa ubao. Hamkuwa na msumari, hamkuwa na unyuzi, hamkuwa hata na alama ya kuburuta.

"Na kabla ya wizi?"

"Ukurasa wa sitini na moja. Mwaka aliohamia chumba kile."

Mama Buluu kijana zaidi, brashi mdomoni, amesimama karibu na dirisha lile lile, ukuta wa kushoto ukiwa wazi. Inspekta alizilaza karatasi mbili sambamba. Mbao za sakafu zilikuwa zimepangwa kuelekea dirishani, na mistari yake ilionekana vizuri. Alianza kuhesabu kutoka ukingo wa dirisha hadi ukuta wa kushoto, huku midomo ikimcheza. Akahesabu tena.

"Hebu hesabu wewe," alisema. "Usiniambie mpaka umalize zote mbili."

Mhariri alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Hii ya zamani, kumi." Akahamia karatasi ya pili. "Tano, sita, saba..." Kalamu ilifika ukutani ikasimama. "Saba."

"Kumi, kisha saba."

"Labda mpiga picha alisimama mahali tofauti."

"Mbao hazijali mpiga picha amesimama wapi. Zikionekana, zinahesabika. Kati ya dirisha na ukuta palikuwa na mbao kumi. Baada ya wizi zikabaki saba. Jana nilikipekua chumba kizima, sikufikiria kuhesabu nilichokanyaga. Ubao mmoja wa nyumba zile ni kama sentimita kumi na nne."

"Mara tatu, arobaini na mbili," Mhariri alisema polepole. "Chumba kimepungua sentimita arobaini na mbili?"

"Chumba hakipungui. Ukuta ndio umesogea." Inspekta alikaa kitini kwa mara ya kwanza. "Sikiliza. Mtaani maduka mawili yamevunjwa. Mtu yuko peke yake na kazi kubwa ya maisha ya mkewe, na mke yuko nje ya nchi. Hawezi kuzitoa kwa ile ngazi. Anafanya nini? Anampigia mkewe simu: picha zako zimelala salama, na chumba nakipaka rangi upya, ukirudi utacheka. Siku mbili baadaye anafariki. Polisi wanaorodhesha wenye funguo. Mmoja yuko hai, mmoja yuko kaburini. Wa kaburini hakuna anayemhoji."

"Miaka kumi na tisa," Mhariri alisema. "Yeye yuko chini anachora vikombe, na zenyewe ziko juu ya kichwa chake?"

"Bado sijaziona. Tukitoboa tukakuta matofali, utachapa hiyo sentensi yako, na mimi nitalipia rangi ya ukuta."

*

Mama Buluu alikataa kwanza. Ijumaa saa tatu asubuhi alisimama chini ya ngazi, mkono mmoja umeshika ukuta.

"Mume wangu? Mmemtafuta mwizi mpaka mmefika kwa mume wangu?"

"Hakuiba, mama," Inspekta alisema. "Nadhani aliificha kazi yako isiibwe. Nipe ruhusa ya kutoboa tundu moja. Nikikosea, nitakuomba radhi mbele ya watu wote."

Mjane akaanza kupanda, polepole, yeye wa mbele, Inspekta, Koplo na Mhariri nyuma yake. Hakuwa amepanda ngazi ile kwa miaka sita.

Inspekta aligonga ukuta wa mkabala na mlango: ukalia kavu, mzito. Aligonga wa kushoto. Sauti ilirudi nyepesi, kama ya kreti tupu. Mama Buluu aliisikia. Alijishika mdomo.

Koplo alisukuma kabati, akachomeka ncha ya mtaimbo kwenye kona, karibu na dari, akaukandamiza. Rangi ilipasuka kwa mstari mrefu ulionyooka. Chini yake ilikuwa plaiwudi. Misumari ilitoka mmoja mmoja ikipiga kelele, na ubao wa kwanza ulipoachia, Koplo na Mhariri waliudaka na kuulaza sakafuni kifudifudi.

Mgongoni mwa ubao palikuwa na hesabu zilizoandikwa kwa penseli, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Ya kwanza ilikuwa imekosewa na kukatwa. Ya pili nayo imekatwa. Ya tatu ilikuwa sahihi, na kando yake mwandishi alikuwa amejipa alama ya vema.

Mama Buluu alisoma, akaanza kucheka huku machozi yanamshuka. "Huyu mtu! Miaka thelathini anafundisha watoto kutoa, ubao mmoja umemshinda mara mbili!"

Nyuma ya plaiwudi kulikuwa na mashuka. Mashuka ya nyumbani, yenye maua. Inspekta alishika pembe ya shuka la kwanza, kisha akaliachia.

"Mama, hili ni lako."

Mama Buluu alilivuta. Buluu ikatoka gizani: bega, kapu, mkono wa mwanamke aliyembeba mtoto anayechungulia, kisigino kilichochoka kikipumzika juu ya kiatu. Watu wa ukubwa wa watu, wamesimama, wanasubiri. Walitoa ya pili, ya tatu. Ya tano ilikuwa imeshika ukungu kwenye ukingo wa chini, upana wa kiganja. Nyingine zote zilikuwa nzima. Mhariri alikuwa analia waziwazi bila kujifuta.

"Sijaziona," alisema tena na tena. "Nimeandika juu yake kurasa kumi na mbili, na sikuwahi kuziona."

Walipoisimamisha ya saba, Mama Buluu alirudi nyuma hatua moja. Mtu wa mwisho kwenye foleni alikuwa mwanamume mfupi mwenye penseli sikioni, ametazama pembeni, hana haraka.

"Ni yeye," Koplo alisema.

"Ni yeye," Mama Buluu alisema. "Nilimweka wa mwisho kwa sababu ndiye pekee niliyejua hatasukuma mtu." Alitazama sura ile kwa muda. Kisha akamgeukia Mhariri. "Ile sentensi iko wapi?"

Mhariri alitoa karatasi mkobani. Mama Buluu aliomba kalamu, akakata maneno yote kumi na moja kwa mstari mmoja mzito, akaandika chini yake jina la picha na mwaka. Halafu akamuuliza Inspekta, "Gari lenu lina nafasi?"

*

Fundi Pembe alikuwa anapaka gundi gari liliposimama. Aliona nani anashuka. Hakuweka brashi chini.

Mama Buluu hakuingia. Alisimama kizingitini. "Shemeji, nimekuja."

"Karibu."

"Sistahili karibu. Zimepatikana. Kaka yako alizijengea ukuta chumbani kwangu, akafa kabla hajaniambia. Zilikuwa kwangu siku zote. Wewe hukuchukua hata uzi. Nilikutukana mbele ya watu, msibani kwa ndugu yako. Nilikufungia mlango. Nilikuwa nataka kukuandika kitabuni. Naomba unisamehe."

Gundi ilidondoka kutoka kwenye brashi ikatua juu ya kiatu chake. Fundi hakuitazama.

"Kaka alizificha?"

"Alizificha. Vizuri mno."

Alitikisa kichwa, na kwa muda ilionekana kama atacheka. Hakucheka. "Mke wangu alikufa bila kukanyaga kwako, shemeji. Binti yangu aliolewa, na kiti chako kilikaa kitupu. Kila mteja aliyeingia hapa kwa mara ya kwanza nilikuwa namtazama machoni, nione kama ameshasikia."

"Najua."

"Hujui." Alisema bila kupandisha sauti. "Miaka yote hii nilikuwa nina kazi ya kusema sikuiba. Sikuwahi kupata nafasi ya kukasirika. Sasa naomba uniachie leo nikasirike."

Mama Buluu aliinamisha kichwa. "Kasirika, ndugu yangu. Ni haki yako."

Alirudi garini kwa miguu yake, bila kushikwa. Njiani Koplo, ambaye kimya kilikuwa kinamtesa, aliwasha redio na Inspekta akaizima.

Jumamosi saa moja asubuhi mpiga picha wa Mhariri alikuwa ameshafika na taa zake, na Inspekta alikuja kuchukua saini za kufungia jalada. Alikuwa bado anaandika sebuleni mlango ulipogongwa. Mama Buluu alikwenda kufungua mwenyewe.

Fundi Pembe alikuwa amesimama nje, mkoba wa zana begani, penseli sikioni, shati limepigwa pasi.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Sawa."

"Na kesho nadhani nitaamka nimekasirika."

"Sawa, shemeji."

Alichungulia kwenye ngazi, kisha akavua viatu na kuvipanga vizuri kando ya mlango. "Lakini picha hazina kosa. Mhariri wako amenipigia anasema kuna moja imeshika ukungu. Ipi?"

"Ya tano."

"Msiiguse kwa kitambaa chenye maji. Mmeigusa?"

"Hatujaigusa."

"Afadhali," alisema, akapanda juu.